Kaka yangu aliipangia homa ratiba, ikamkuta ziwani

Wakuu, salaam. Uzi huu hauna raha, na sijautia chumvi hata punje. Anayetafuta kicheko aende jukwaa la utani, sitanuna.

Mimi naanika dagaa hapa Mwamgongo, kijiji cha kando ya ziwa. Kaka yangu Saidi alikuwa mvuvi, na dagaa niliokuwa naanika ni wa kwake.

Ilianza alasiri moja, jua linachoma mchanga. Saidi akaja amevaa koti la mvua, anatetemeka mpaka meno yanagongana. Nikamfunika blanketi na kanga zangu zote.

Baadaye akazitupa zote, mwili unawaka. Kisha jasho likamtoka, shuka ikalowa chapachapa, akalala.

Kesho yake mzima kabisa. Anakula ugali na migebuka, anatania watu.

Keshokutwa yake homa ikarudi vilevile.

Zahanati ipo, ni kupanda kilima tu. Ila lilikuwa giza, yaani zile siku ambazo mwezi hauonekani na dagaa wanafuata taa. Mvuvi wa huku akilala siku za giza, nyumba inakula nini?

Basi akaanza kuipangia homa ratiba. Siku ya kutetemeka analala kwangu, siku ya nafuu anaingia kazini.

"Hii homa ina adabu, dada. Inakuja kwa zamu," akaniambia anacheka. "Mbalamwezi ikitoka nitaenda kupima. We anika dagaa."

Nilimgombeza, nikamnunia, hata chai nikamnyima. Wapi! Mbishi yule, Mungu amrehemu.

Jioni moja, siku yake ya nafuu, akaondoka. Homa ikamkuta majini.

Wenzake walinisimulia. Kwanza aliomba wamfunike turubai. Halafu akavua nguo zote, anataka kujitosa ziwani apoe, wakamshika kwa nguvu. Walimrudisha alfajiri, anamwita mama yetu aliyekufa zamani.

Zahanati wakasema awahishwe mjini. Tukapanda boti, kichwa chake mapajani kwangu, joto linapenya kanga. Njia nzima nachovya kitambaa ziwani, nampangusa.

Tulipokaribia Kibirizi, bandari ya kushukia mjini, nikamgusa paji la uso. Amepoa.

Wakuu, nilifurahi. Nikasema alhamdulillah, homa imeshuka. Nikamwita nahodha nimwambie. Akamtazama Saidi, akanitazama mimi, akapunguza mwendo wa injini.

Mbalamwezi ilitoka siku chache baada ya mazishi. Nililia kuliko siku tuliyomzika.

Nilichojifunza ni kimoja, na kinaniuma mpaka leo. Zile siku za kutetemeka zilikuwa zinamwambia ukweli. Zile za nafuu ndizo zilizomuua.

Sasa wewe unayesoma, kama hapo nyumbani kuna mtu jana alitetemeka na leo anasema yuko fiti, weka simu chini. Mpeleke akapime kwanza. Ukirudi uje ukomenti, utanikuta.