Kisanduku cha Saa Nane

Ipo Alhamisi moja ya mwezi wa kumi ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, na leo nataka nikusimulie. Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ndani ya chumba cha kuwekea mashuka, katika nyumba moja ya kutunzia wazee huku Hyattsville. Magotini nilikuwa na daftari. Nilikuwa naandika habari za mchungaji wa Kijerumani aliyekufa zaidi ya miaka mia nne iliyopita, na nilikuwa naandika kwa raha sana.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilikuja Marekani kutoka Upareni kusoma theolojia, na siku ambazo sikuwa darasani nilifanya kazi ya kuhudumia wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwavalisha, kuwageuza kitandani. Wenzangu kazini waliniita Profesa kwa sababu sikukosa kitabu mfukoni. Jina hilo nililipenda kuliko nilivyokubali.

Jumapili iliyofuata ilikuwa Sikukuu ya Matengenezo ya Kanisa. Usharika wetu wa Kiswahili ulikuwa mdogo, tukiazima kanisa la Wamarekani mchana, wao wakishamaliza ibada yao. Wazee wa usharika walikuwa wameniomba nisimame robo saa niwaeleze watu maisha ya mmoja wa wanatheolojia wa Kilutheri wa wakati ule. Nikamchagua huyo. Jina lake sikutajii. Kalitafute mwenyewe, maana mimi mwalimu wako wa kipaimara sikosi kukuachia kazi ya nyumbani.

Maisha yake kwa ufupi ni haya. Akiwa kijana alihudhuria mjadala uliomgeuza moyo. Akawa mhubiri katika mji mdogo kusini mwa Ujerumani, na kwa zaidi ya miaka ishirini alihubiri, akafundisha watoto katekisimu, akaoa na kuzaa. Kisha Kaisari akashinda vita, akaagiza makanisa yarudie taratibu nyingi za zamani mpaka baraza la kanisa litakapoamua. Wahubiri wengi wakakubali, wengine kwa hofu, wengine wakisema ni mambo ya karatasini tu. Yeye akaandika kwamba hawezi. Ikabidi akimbie ili asikamatwe, akaacha nyumba, kazi na mke aliyekuwa mgonjwa, akawa mtu wa kujificha, leo hapa kesho pale. Mkewe akafariki katika kipindi hichohicho.

"Mkono wake ulikataa kuandika jambo ambalo halikuwa kweli." Sentensi hiyo niliiandika nikiwa juu ya ile ndoo, nikairudia mara tatu kwa jinsi ilivyonipendeza.

Sasa nikueleze kilichokuwa upande wa pili wa ukuta. Katika chumba cha jirani alilala mzee mmoja, Bwana Walter, aliyekuwa amepooza na hawezi kusema. Mtu wa namna hiyo hajigeuzi. Akiachwa ubavu mmoja saa nyingi, ngozi inachoka, inakuwa nyekundu, kisha inafunguka kidonda. Kwa hiyo tulimgeuza kila baada ya saa mbili, na mlangoni ilitundikwa chati yenye visanduku: saa mbili, saa nne, saa sita, saa nane. Ukimgeuza unaandika herufi za kwanza za majina yako. Zamu yangu iliishia saa tisa alasiri. Kuanzia hapo chati ilikuwa ya zamu ya jioni.

Alhamisi ile, saa tano na nusu, nilijaza kisanduku cha saa sita na cha saa nane kwa mpigo mmoja. Nilijiambia nitamgeuza tu saa ikifika, ila nisikatizwe tena kuandika. Jumanne nilikuwa nimefanya vivyo hivyo, na Jumatano pia. Sikumgeuza saa sita. Saa nane nikapita mlangoni, nikaona herufi zangu, na zikaniridhisha kana kwamba zilikuwa zimeandikwa na mtu mwingine.

Mama Wambui alikuwa ameingia kuchukua mashuka kabla ya saa sita. Alikuwa Mkenya, mtu wa bara, mkubwa wangu kwa miaka kama ishirini, na tulisali usharika mmoja. Aliniangalia pale kwenye ndoo.

"Profesa, leo umehamia huku?"

"Namalizia kidogo, mama."

"Sawa. Hata huyo Mjerumani wako atakuwa amechoka kukungoja," akasema, akatoka na mashuka yake.

Jioni ya siku hiyohiyo aliyeingia zamu alikuwa Klementina, dada wa Kikongo ambaye hakuwa na mwaka tangu afike hapa na watoto wake watatu. Saa kumi alimgeuza Bwana Walter, akaona nyonga imefunguka. Hakukaa nalo. Alimwita muuguzi, akamwonyesha. Baadaye alikuwa akimlisha bibi mmoja aliyepaliwa na chakula, akachelewa nusu saa kumgeuza tena. Kisanduku cha saa kumi na mbili akakiacha kitupu, kwa sababu saa kumi na mbili hakuwa amemgeuza.

Ijumaa ofisi ikakagua chati. Zamu ya asubuhi ilikuwa imejaa, wiki nzima, kwa mwandiko mzuri. Zamu ya jioni ilikuwa na kisanduku kitupu. Aliyesema kweli ndiye aliyeonekana mzembe. Klementina akaambiwa afike ofisini Jumatatu saa tatu, na kila mtu pale alijua maana yake ni kufukuzwa kazi.

Nilizisikia habari hizo Ijumaa jioni, mwanangu. Sikuzikosa. Nikajifungia chumbani kwangu Columbia Heights, nikaendelea kuipanga hotuba yangu.

Jumapili nikasimama. Nisijifanye mnyenyekevu, nilihutubia vizuri. Watu walitikisa vichwa, mzee mmoja akafuta miwani. Nilipofika kwenye ile sentensi ya mkono uliokataa kuandika, sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Jambo hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Nilidhani dhamiri yenye kosa humkaba mtu koo. Yangu ilinipa nafasi nikamaliza kwa wakati.

Baada ya ibada tulishuka ukumbi wa chini kunywa chai. Klementina akanijia na kikombe chake.

"Dada Ndeshi, aksanti. Ile maneno ilinitia nguvu. Lakini nikuulize, yule pasta alipokimbia, bibi yake alibaki namna gani? Na batoto, nani aliwapa chakula?"

Nilikuwa nimesoma vitabu vitatu kuhusu mtu huyo, na swali hilo sikuwa nimelifikiria. Nikamjibu kwamba Mungu aliwatunza.

"Ndiyo," akasema. "Kesho wananiita ku biro. Wanasema sikumugeuza muzee. Uniombee, dada. Mimi sijue Kiingereza ya kujitetea."

Nikamwambia nitamwombea. Akanishukuru, akaenda kuwatafuta watoto.

Mama Wambui alikuwa jikoni akisuuza vikombe. Nilipoingia hakugeuka.

"Umeongea vizuri sana leo. Hata mimi machozi ilikuwa karibu."

"Asante, mama."

"Hebu nipanguzie hivi." Akanipa kitambaa. Nikapangusa kikombe cha kwanza, cha pili. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya kawaida, "Alhamisi nikitoka kuchukua mashuka nilipita kwa Walter. Chati yako ilikuwa na saa nane. Na saa sita ilikuwa bado haijafika."

Nikachukua kikombe cha tatu.

"Sijaambia mtu. Na sitakusemea, uko na mdomo wako. Lakini wacha nikuulize kitu kimoja, Profesa. Huyo mtu wako angekuwa zamu yetu wiki hii, angekuwa nani? Wewe ama Klementina?"

"Nikisema watanifukuza, mama."

"Watakufukuza, ndiyo. Kwani yeye alikimbia mji kwa sababu gani, alikuwa anaenda matembezi?" Akafunga bomba, akajifuta mikono. "Uliambia watu hapo juu ni vizuri kusimama. Sasa simama. Kesho kabla ya saa tatu. Nikifika kazini saa nne nipate imeisha."

Mama huyo hakuwahi kusoma theolojia, na rafiki mkarimu kuliko yeye sijampata katika nchi hii. Angeweza kwenda ofisini mwenyewe. Aliniachia mlango nipite kwa miguu yangu.

Jumatatu nilipanda treni ya mstari wa kijani, kisha basi. Njiani nilikuwa na mambo mengi ya kuyaweka vizuri: kwamba nilikuwa nimechoka, kwamba wafanyakazi ni wachache, kwamba wengine nao hufanya hivyo. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililomgeuza Bwana Walter. Nilipofika kituoni nilikuwa nimeyaacha yote, nimebaki na maneno machache tu.

Msimamizi alinisikiliza, akaniuliza kama naelewa ninachosema. Nikasema naelewa. Akanipa karatasi niandike. Nikaandika siku tatu, saa kwa saa, nikaweka sahihi. Kabla ya saa nne nilikuwa nimerudisha kitambulisho. Klementina alibaki kazini.

Nilimkuta kwenye korido, amevaa gauni lake la kanisani, amelinyoosha pasi. Nikamweleza. Nilitegemea kitu fulani, sijui nini, labda anishike mkono.

"Jana nilikuomba uniombee," akasema, "na wewe ulikuwa unajua."

Akaenda zake. Hakuzungumza nami mpaka Pasaka, na alikuwa na haki. Kidonda cha Bwana Walter kilichukua miezi kupona. Nilimwomba binti yake ruhusa ya kuja kumwomba baba yake radhi. Alikataa, na yeye pia alikuwa na haki. Nakuambia hili usije ukadhani kukiri kunafuta kila kitu mezani. Kidonda kilibaki kidonda. Mimi masomo yangu yalichelewa mwaka mzima, nikifua mashuka ya hoteli, na mwaka ule ulinifundisha mengi kuliko nilivyojua wakati nalalamika.

Mwanangu, Oktoba ni hii tena. Wiki chache zijazo mtasimama mbele ya usharika mkiwa na majoho meupe, mkiulizwa na kujibu. Najua wengine mtaipeleka barua hii kwa mama awasomee, na kwamba ukinielewa kwa Kiswahili utanijibu kwa Kiingereza. Hilo halinisumbui. Kijana mmoja aliniuliza darasani kwa nini tunahangaika na watu wa zamani waliogombana na wafalme, wakati yeye hamjui mfalme yeyote. Nilimwambia nitamjibu kwa maandishi. Jibu ndilo hili.

Yule mchungaji hakuanza na Kaisari. Kabla ya hapo alikuwa na miaka ishirini na zaidi ya kufundisha watoto wa mji wake maneno yaleyale ya katekisimu, Jumapili kwa Jumapili, bila mtu wa kumsifu. Kaisari alipofika, akamkuta mtu ambaye mkono wake umeshazoea. Mimi nilitaka kumpata Kaisari bila kupita kwenye visanduku. Wewe huenda usikutane na mfalme maisha yako yote. Lakini utakuwa muuguzi, au utakaa mbele ya kompyuta pale Greenbelt, au utapanga mizigo ghalani, na kila siku utapewa kitu cha kuweka jina lako. Usiliweke jina lako kwenye kazi ambayo hujaifanya. Kisanduku kikiwa kitupu, kiache kitupu, hata kama kitupu hicho kitakushitaki. Na mwenzako akishitakiwa kwa kosa lako, usingoje ujasiri ukujie. Nenda ukiwa unaogopa. Mimi nilikwenda hivyo, na ofisi ilinifungulia mlango vilevile.

Tena usisahau tunachokifundisha. Sikusamehewa kwa sababu nilikwenda ofisini. Kristo alikuwa ameshanisamehe, ndiyo maana nilipata mahali pa kukanyaga nikaweza kwenda. Ukiyageuza hayo mawili utakuwa mtu wa kujihesabia haki, na hao tunao wa kutosha.

Mama Wambui ametangulia mbele za Bwana. Klementina siku hizi ni mzee wa usharika, mhasibu wetu wa sadaka, na kila nikimpelekea karatasi ya kuweka sahihi huishika mbali kidogo na macho, ananitazama juu ya miwani na kuuliza, "Dada Ndeshi, saa imefika?" Namjibu imefika. Ndipo anaandika.

Bwana akutunze mkono na kalamu yako, mwanangu. Akupe mtu wa kukuambia kweli huku akisuuza vikombe, na akupe masikio ya kumsikia. Saa yako ikifika ya kusimama, akukute umeshazoea. Amina.