Vyungu Vilivyotobolewa

Mama yangu alikuwa mfinyanzi, na mama yake vilevile, na mimi nililelewa nikiamini kwamba chombo chenye tundu ni cha kaburini. Kwetu sisi Wazaramo, mtu akishazikwa, juu ya kaburi lake huwekwa chungu au bakuli lililotobolewa chini, asije aliye hai akalichukua akaenda kupikia. Basi mfinyanzi hatoboi chombo kwa mkono wake. Hata akiona katundu kadogo, pale kijiwe kilipochomoka, hukivunja chombo kile akakifinyanga upya kabla jirani hajapita. Mimi ndiye niliyeishi kwa kutoboa vyombo, na nataka kueleza ilivyokuwa, kwa sababu wajukuu wanaona vyungu vya maua kila kibaraza na wanadhani ni kitu kilichokuwapo tangu dunia iumbwe.

Nilikuwa nimeachwa. Nilirudi Temeke kwa mama na sanduku langu la bati, na kichwa kigumu kilekile nilichoondoka nacho. Vita vya Pili vilikuwa vimekwisha siku nyingi, na maduka yalikuwa yamejaa sufuria. Kila nyumba iliyokuwa ikinunua chungu cha mama sasa ilipikia sufuria, na maji yakatekwa kwa debe. Waliobaki ni wale waliopenda maji ya mtungi kwa ubaridi wake, nao hawakuwa wengi. Eda yangu ilipokwisha, mjomba aliyekaa Kisarawe akaleta habari kwamba amenipatia mume, mtu mzima, mwenye mashamba na wake wawili.

Mama hakunifukuza. Alinieleza wazi, kama ilivyokuwa desturi yake.

"Mwanangu, udongo siku hizi hautulishi hata mie peke yangu. Ukipata cha kujilisha, kaa. Usipopata, Idi ikipita mjomba'ko anakuja kukuchukua."

Sikumtaka mtu yule, wala mashamba yake. Nilitaka kukaa Temeke na kushika udongo, basi. Sikuona kwa nini nimwombe mtu radhi kwa kutaka hivyo.

Siku moja nilipeleka mtungi mtaa wa Gerezani, kwa mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa amestaafu kazi ya reli. Barazani kwake palikuwa na madebe ya mafuta ya taa yaliyokatwa nusu, na katika madebe hayo imesimama miti. Nilidhani ni miche. Nikainama, nikaona mkwaju wenye shina lililokunjamana na matawi yaliyotanda, mkwaju mzima kabisa, ila haunifiki gotini. Nikacheka kwa sauti kubwa. Mzee hakukasirika. Aliniambia mti ule ni mkubwa kwangu kwa umri, kwamba kila baada ya muda huung'oa, akaupunguza mizizi kwa mkasi, akaurudisha, na ndiyo sababu haurefuki. Kando yake alikuwa na mishubiri, na mimea mingine ya majani mazito na miiba, aliyoiokota kwenye stesheni za bara alipokuwa kazini.

"Haya madebe mabaya," alisema. "Yanashika kutu, jua likipiga mizizi inaungua. Nataka vya udongo. Vifupi, kama sinia, chini bapa. Na tundu."

"Tundu chini?"

"Tundu chini, maji yatoke. Bila tundu mizizi inaoza. Ukiweza, mimi nitachukua, na rafiki zangu wenye bustani watachukua."

Nikamjibu naweza. Sikuwa nimewahi kufinyanga chombo chenye kitako bapa maishani mwangu, lakini ulimi wangu haujawahi kuningoja.

Njiani kurudi nilipiga hesabu zangu. Pale kwetu wafinyanzi wote tulichoma pamoja, uwanja mmoja, vyungu vya kila mtu vikipangwa katika rundo moja na kufunikwa kwa kuni, makuti na makumbi ya nazi. Aliyepanga na kuwasha alikuwa jirani yetu mmoja, mama wa makamo mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. Asingekubali chombo chenye tundu kiingie motoni mwake. Nikaona njia: nivifinyange vizima, nivichome pamoja na vya wenzangu kama mabakuli tu, halafu nivitoboe nyumbani vikishaiva. Kwa njia hiyo tundu halitapita motoni na hakuna atakayeudhika. Nilijiona mwerevu kweli.

Vilitoka motoni vizuri, vyekundu, na wenzangu wakanitania kwamba nafinyanga sahani za wali wa arusi. Nikavibeba hadi nyuma ya nyumba, nikachukua msumari na jiwe. Bismillahi, nikagonga. Cha kwanza kikapasuka vipande viwili. Cha pili kikatoka ufa kutoka katikati hadi mdomoni. Nikajaribu kuzungusha msumari polepole badala ya kugonga, nikajaribu kulowesha kwanza, nikajaribu msumari wa moto. Kile nilichokifikisha mbali kuliko vyote kilitoboka kweli, lakini kitako kizima kilitoka pamoja na tundu. Mama alikuwa akichambua mchele mlangoni. Alinitazama mpaka nilipokimaliza cha mwisho, kisha akarudi kwenye ungo wake. Hasira ilinipanda.

"Nitatoboa vikiwa vibichi," nikamwambia. "Kama inavyotakiwa."

"Si kwenye moto wetu," alijibu.

Habari ikafika kwa jirani kabla ya adhuhuri. Alikuja mwenyewe, amejifunga khanga kiunoni.

"We binti, chombo cha maiti unataka kukipanga na chungu changu? Watu wale humo? Kikipasuka hata kimoja, nimwambie nani?"

"Si cha maiti, mama. Ni cha mti."

"Mti gani unaolala kwenye chungu?"

Nikaanza kumweleza mkwaju unaofika gotini, na nikaona usoni mwake kwamba namwongezea ushahidi tu. Aliondoka akinionea huruma, jambo ambalo sikulipenda hata kidogo. Wenzake wakashikilia neno lake. Kuanzia siku ile sikuwa na moto.

Nikajifunga kibwebwe. Nilikwenda bondeni karibu na Mtoni kuchimba udongo peke yangu, nikaubeba peke yangu, nikaukanyaga peke yangu. Vile vigae nilivyovipasua kwa msumari nikavitwanga kinuni, nikavichekecha, nikachanganya na udongo, maana udongo mtupu hupasuka motoni. Nilifinyanga vifupi vyenye kitako bapa, nikaviwekea vijiguu vitatu ili maji yapate pa kutokea. Udongo ulipoanza kukaza nikachukua kijiti cha mwanzi, nikakisimamisha katikati ya kitako. Nilimkumbuka bibi yangu na kaburi lake, na bakuli lililokuwa juu yake, ambalo nilikuwapo lilipokuwa likitobolewa. Nikasukuma. Kijiti kikapita laini, kikatoka upande wa pili na kijidonge cha udongo, na hakuna lililotokea, ila kuku aliyekuja kuchungulia.

Moto wa kwanza niliuwasha nyuma ya nyumba, karibu na mihogo, na haukunifaa. Chungu cha kawaida kina kitako cha mviringo na moto hukizunguka sawasawa. Vyangu bapa vilikuwa vimejikunja tangu vilipokuwa vikikauka, na motoni vikamaliza kazi kwa kupasuka kitakoni, puu, puu, kimoja baada ya kingine. Majirani walisikia. Sauti ile kila mfinyanzi anaijua hata akiwa usingizini. Usiniulize kama nililia. Nililia, kisha nikaviokota, nikavirudisha kinuni.

Nilikuwa nafunga, kwa sababu Ramadhani ilikuwa imeingia, na kazi ile ukiwa na kiu si mchezo. Nikajifunza kuvikausha kifudifudi juu ya mchanga, kivulini, vimefunikwa majani ya mgomba, nikivigeuza asubuhi na jioni. Kingo hazikunyanyuka tena. Nikazidisha vigae vilivyotwangwa. Mama alipita akaviona vimelala pale, akapita tena. Mara moja nilikuta jani la mgomba lililopeperushwa na upepo limerudishwa mahali pake. Nyayo zilizokuwa mchangani zilikuwa za mama.

Idi ikafika, ikapita. Nilijua mjomba anakuja, na asubuhi ile niliamka mapema nikavipanga vyungu vyangu, nikavifunika, nikawasha. Makusudi kabisa. Moto wa vyungu ukishawashwa, mwenyewe hauachi mpaka ufike, vyungu viive. Hiyo ni sheria ya wafinyanzi wote, na nilitaka mjomba anikute nayo.

Alikuja jua likiwa juu kidogo, kanzu nyeupe, kofia mpya. Nilimwamkia, "Shikamoo mjomba," akaitika marahaba, akamgeukia mama.

"Dada, basi la Kisarawe halingoji. Mzigo wake uko wapi?"

Mama akaniambia, bila ukali, "Ondoka hapo ukafunge mzigo."

"Mama, moto haujafika."

"Nimesikia. Nenda."

Sikwenda. Nilisimama pale na mti wangu wa kuchochea mkononi, na kama wangetaka kuniondoa wangenibeba kama gunia. Mjomba akaanza kusema juu ya heshima, na mwanamke asiye na mume, na watu wa Temeke wanavyonisema. Sikuyafuata yote, kwa sababu upepo ulikuwa umegeuka. Ulikuwa ukivuma kutoka upande wa mihogo na kuulaza moto wote upande mmoja. Upande huu ukawa mweupe kwa joto na ule mwingine unafuka moshi tu. Nusu inaungua, nusu mbichi: hapo vyungu hupasuka vyote. Nikakimbilia makumbi, nikayarundika upande wa baridi, lakini mikono miwili haikutosha. Nilipoziba hapa, pale pakafunguka.

Nikasikia mama akitema mate kando, kama alivyofanya kila alipoona kazi inaharibika. Akavua khanga ya juu, akaitundika kwenye mti wa mhogo, akashika bati bovu la paa lililokuwa limeegemea ukuta, akalisimamisha upande wa upepo na kulikaza kwa goti.

"Makuti mabichi juu," akaniamuru. "Juu, si hapo! Funika pumzi ya moto. Haya, sasa vuta makaa yaje huku. Polepole, unataka kuvivunja?"

Tukafanya kazi hivyo, hatuzungumzi ila maneno ya moto. Jasho lilikuwa likimtiririka usoni na bati linamuunguza, nami nilimwona akibadilisha mkono, akikataa kuliachia.

"Dada," mjomba akaita, "gari litatuacha."

"Tangulia," mama akasema bila kugeuka.

"Nimngoje kituoni?"

"Usimngoje. Huyu ana moto."

Mjomba alisimama kidogo, akakung'uta majivu kwenye kanzu yake, akaenda zake. Mimi sikuthubutu kumtazama mama. Niliogopa nikimtazama atakumbuka alichomwambia mjomba, akageuza neno.

Siku ya pili asubuhi, majivu yalipopoa, tukayafukua pamoja. Viwili vilikuwa vimepasuka, na kimoja kimeungua kikawa cheusi ubavuni. Vilivyosalia vilikuwa vizima, vyekundu kama vinavyotakiwa kuwa, na matundu yake yako wazi. Mama akakichukua kimoja. Akakigonga kwa kifundo cha kidole, kikalia vizuri. Akakigeuza, akalitazama tundu kwa muda mrefu, akapitisha kidole gumba kuzunguka mdomo wa chombo.

"Umeacha midomo minene mno," akasema. "Vya moto ujao punguza."

Nikamwambia ndiyo mama, halafu nikakaa chini palepale majivuni nikalia.