Clementi wa Sauti ya Pili

Siku Clementi alipotahiriwa hakupepesa jicho. Watu wa Nyamuswa bado wanalisema hilo. Alikuwa na miaka kumi na minne, amesimama na wenzake sita kwenye baridi ya asubuhi, na baba yake, Mzee Keraryo, akimtazama usoni kana kwamba anayekatwa ni yeye. Mtoto hakulia. Jioni Keraryo alimpa mtamba mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji, akawaambia waliokuja kunywa, "Leo nimepata mwanaume."

Mwaka uliofuata sauti ya Clementi ilivunjika. Ile ya kuongea ikawa nzito, akikohoa mbwa wanainuka. Lakini ya kuimba haikushuka pamoja nayo. Ilibaki kulekule juu, tena imara kuliko ya utotoni. Bunda, alikokuwa anasoma sekondari, kwaya ya parokia ilimweka sauti ya nne pamoja na mabesi, kwa jinsi alivyokuwa anaongea. Jumapili moja wanawake watatu wa sauti ya pili walikuwa msibani. Mstari wao ulipofika, Clementi akauimba yeye, kutoka benchi la nyuma, bila kutumwa na mtu. Kanisa zima liligeuka.

Wanaume wa namna hii huitwa makontratena. Nimewasikia katika miji mitatu ya Ulaya, ndani ya makanisa ya mawe, watu wamefumba macho kwa raha. Bunda hawakuwa na jina hilo. Walimwita Mama Clementi.

Aliyeitambua sauti ile ni Selestina, mwalimu mstaafu wa Musoma aliyekuwa akizunguka kunoa kwaya za parokia kabla ya sikukuu. Alimwita nje baada ya mazoezi.

"Wewe, hiyo sauti unaitoa wapi?"

"Sijui, mwalimu. Inakujaga yenyewe."

"Basi tutaifundisha isije yenyewe. Ije ukiiita."

Alipomaliza kidato cha nne, Clementi alihamia Musoma, akapata kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na kila jioni akitoka na vumbi la saruji kwenye nyusi alikwenda kwa Selestina. Mwezi wa kwanza hakuimba kabisa. Alilala chali kwenye mkeka, mfuko wa kilo mbili za mchele juu ya tumbo, akijifunza kuuinua na kuushusha kwa pumzi bila kutikisika. Baadaye wakaingia pale pagumu, sauti nzito ya kifua inapoipokeza ile nyepesi ya kichwani. Hapo ndipo waimbaji wengi hupasuka sauti. Selestina alimpitisha hapo mara mia kwa jioni. "Unashuka ngazi na trei ya chai," alikuwa akimwambia. "Usimwage. Umemwaga! Rudi juu." Yote haya kwa sol-fa, do re mi zilizoandikwa kwa kalamu nene kwenye karatasi za manila na kubandikwa ukutani, kama kwaya zote za huku zinavyojifunza.

Habari zilifika Nyamuswa kwa simu. Mtu alirekodi misa ya Pasaka, na siku ya mnada wa ng'ombe video ikapita mkono kwa mkono hadi ikamfikia Baltazari, mnunuzi wa ng'ombe mwenye mdomo.

"Keraryo! Hebu sogea. Huyu binti mwenye ndevu si wa kwako?"

Watu wakacheka. Baltazari akaongeza, "Mwenzetu, ulimtahiri kweli, au ulimpitisha tu pale?"

Keraryo hakutaka kuisikia ile simu. Alifungua ng'ombe wake ambao hawajauzwa, akarudi nao nyumbani. Clementi alipokuja likizo, baba alimwambia maneno machache tu. "Ile sauti ya utoto tuliiachaga siku ya jando. Kwenye boma langu isiingie."

Haikuingia. Kwa miaka miwili, kila Clementi alipokuwa nyumbani, hata nyimbo za sala ya jioni aliziimba chini kabisa, kooni, huku dada yake Wankyo akimkonyeza na kujizuia kucheka.

Halafu likaja tamasha la kwaya Musoma. Selestina alikuwa amemwandalia zaburi ya Kilatini yenye sehemu ya kuimba peke yake, na alikuwa amepanga kuirekodi na kuipeleka kwenye chuo cha muziki Nairobi. Clementi aliifanyia kazi miezi saba. Siku ya siku, amesimama mbele na wanawake wa sauti ya pili, joho limenyooshwa, aliinua macho akamwona baba yake.

Keraryo alikuwa benchi la tatu, upande wa wanaume. Alikuwa amevaa koti lake la harusi na misiba, kofia ameiweka gotini. Hakuwa amemwambia mtu kwamba anakuja. Alikuwa amepanda basi asubuhi, peke yake, mtu ambaye Musoma alikuwa amefika labda mara nne maishani mwake.

Clementi aliniambia kwamba hakufikiri. Miguu ndiyo iliyoamua. Alipita nyuma ya wanawake, akapanda ngazi mbili, akajibana kati ya mabesi. Zaburi ilipofika mahali pake, Selestina aliunyoosha mkono kuelekea nafasi iliyokuwa tupu. Kinanda kikarudia utangulizi mara moja, kikarudia tena. Mwishowe msichana wa sauti ya kwanza, Prudence, akaiokoa kwa kubahatisha. Clementi alikuwa akichezesha midomo tu.

Nje, baada ya hapo, baba na mwana walisimama kwenye kivuli cha ukuta.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sikukusikia."

"Nilikuwa nyuma, baba. Na wale wa sauti ya nne."

"Aa." Mzee aliivaa kofia yake, akaivua tena, akatazama ndani yake. "Basi langu linaondoka saa tisa."

Clementi alimsindikiza hadi stendi akiwa na moyo mwepesi. Alidhani amemwepusha baba yake na aibu.

Selestina hakumsemesha kwa wiki tatu, kisha akamrekodi sebuleni kwake, madirisha yamefungwa kwa ajili ya kelele za bodaboda. Nairobi wakamchukua. Mtihani wa kwanza walimwekea karatasi ya nota za mistari mitano, naye akaitazama kama mtu aliyepewa barua kwa lugha ya wengine. Alirudia mwaka. Hadi leo huandika herufi za sol-fa kwa penseli juu ya kila nota. Kutoka hapo alipelekwa na udhamini Ujerumani, mji mdogo wenye mvua, kuimba kwenye kwaya ya kanisa na kufanya solo chache za Kwaresima. Huko hakuna aliyemuuliza kama alitahiriwa. Gazeti la hapo liliandika mistari minne kumsifu. Alimtumia Wankyo picha ya mistari hiyo, Wankyo akamwonyesha baba, baba akauliza picha inasema nini, na hakuna nyumbani aliyeweza kuisoma.

Keraryo alifariki mwezi wa pili, kwa presha, akiwa zizini. Clementi alifika asubuhi ya maziko. Kama mtoto wa kwanza alinyolewa, akatupia udongo kabla ya wengine. Kwaya ya Musoma ilikuja na Selestina, ikaimba, naye hakujiunga nayo.

Matanga yalipokwisha, Wankyo alikuwa anakamua ng'ombe, uzao wa yule mtamba mwekundu, naye kaka yake ameshika kamba ya ndama.

"Kuna kitu baba alisema aliporudi Musoma," Wankyo akaanza. "Alisema, 'Nilikwenda kuisikia ile sauti watu wanayoisema. Kijana aliponiona akaificha. Labda ananionea aibu, na hili koti.'"

Ndama alivuta kamba, Clementi akamwachia.

"Mimi nilijua humwonei aibu," Wankyo alisema. "Nikamwambia. Hakuamini. Twende pale kaburini ukamwimbie."

"Kaburi litasikia nini, Wankyo? Masikio alikuwa nayo siku ile."

"Basi niimbie mimi. Mimi ninayo. Tangu uende Bunda sijawahi kukusikia, zaidi ya kwenye simu."

Clementi alisafisha koo. Wankyo anasema aliona tumbo lake likijaa pumzi, likapanda, likakaa. Majirani walikuwa bado uani wanakunja maturubai, na Baltazari alikuwa mmoja wao.

"Kesho," akasema, na pumzi ikatoka.

Asubuhi alipanda bodaboda kuwahi basi la Mwanza. Wankyo alinionyesha mahali kaka yake alipokuwa amesimama akivuta pumzi ile, karibu na kigingi cha ndama, kisha akaendelea kukamua.