Pole ya Nywele

Sina hakika kama habari za kichwa changu zinastahili kuandikwa. Niliishia darasa la saba, na daftari hili nililinunua niandike siku za kupanda maharage. Lakini nywele zilianguka kweli, na watu walikuja kweli, basi naandika.

Zilianza kutoka pembeni, halafu utosini. Asubuhi nikifungua kilemba, nywele nyingi zinabaki kwenye kitambaa. Nilimlaumu msusi wangu wa hapa Kihanga na dawa yake ya kulainisha. Nesi wa zahanati akaniuliza nasuka vipi. Nikasema nabana mpaka macho yanavutika, maana hivyo ndivyo zinavyokaa muda mrefu. Akasema niache dawa na niache kubana. Pembeni huenda zikarudi, utosini hawezi kuniahidi. Nisimwonee msusi, basi. Kila mara aliuliza, “Nilegeze?” Mimi nikajibu, “Kaza.”

Kilichoniumiza zaidi si kioo. Binti wa kaka yangu alikuwa anaagwa kwao Nyakatuntu kwenda kuolewa, baada ya wiki tatu, na mimi ndiye shangazi yake wa pekee. Shangazi ndiye anayemshika mkono bibi harusi na kumtoa ndani mbele ya wageni. Nilishaanza kutunga ugonjwa wa kunizuia kwenda. Nilikuwa nimechagua mgongo.

Mume wangu ndiye aliyesema tuzinyoe zote, kwamba kichwa kimekuwa kama shamba lililoingiliwa na mbuzi. Nililia kidogo, yeye akacheka kidogo, halafu tukabadilishana. Alipomaliza akanipaka samli ya jirani yetu mfugaji. Nikajisikia mwepesi, hata nikajiona mzuri.

Kesho yake nikatoka kuchuma kahawa kichwa wazi. Hapo ndipo nilipokosea. Kwetu mwanamke akionekana ghafla amenyoa kipara, watu wanajua amefiwa. Mimi nilishasahau kabisa. Jirani aliniona kutoka upande wa pili wa shamba, akainamisha kichwa, akaondoka bila kunisalimia. Nikasema moyoni, haya, nimeshakuwa kituko.

Kabla ya saa sita wakaingia uani wanawake wanne, kanga zimefungwa kiunoni. Mmoja alikuwa na mkungu wa ndizi kichwani, mwingine maharage, na wawili kuni. Wa maharage ndiye mkubwa kuliko wote.

“Shikamoo, mama,” nikamwamkia.

“Marahaba, mwanangu. Pole sana. Ni nani?”

“Nani amefanya nini?”

“Usijikaze, mwanangu. Ni baba, au ni kaka?”

Nikajishika kichwa, ndipo nikaelewa. “Mama, hakuna aliyekufa. Ni nywele tu.”

Kisha yule wa mkungu akasema, “Yaani nimepandisha mzigo huu kutoka bondeni kwa ajili ya nywele?”

“Nisamehe, dada.”

“Ziliugua muda mrefu?” akauliza mmoja wa kuni, na hapo tukacheka mpaka ikabidi mkungu ushushwe.

Chakula kilicholetwa msibani hakirudishwi. Tukakaa, tukamenya ndizi. Katika kumenya nikawaambia habari za Nyakatuntu na za mgongo wangu.

“Kipara hakina neno,” akasema yule mama. “Tatizo ni kwamba watu wa kule watadhani kama sisi. Utaingia kwenye sherehe waanze kulia.”

“Nivae wigi?”

“Lile jekundu la dukani? Hapo watalia kweli.”

Jioni nikampigia simu bibi harusi, nikamweleza yote. Akasema, “Shangazi, mimi niliambiwa nitatolewa na wewe. Sikuambiwa nitatolewa na nywele zako.” Mgongo ukapona palepale.

Siku yenyewe wale wanawake wanne walitangulia. Walipita kundi kwa kundi wakisema, “Anayekuja hajafiwa, ni nywele.” Kusema haki, walieleza vizuri mno. Nilipofika, kila mtu mpaka wapishi alinishika mkono: “Pole na nywele, shangazi.” Nikaitikia, “Nimeshapoa,” huku nataka kucheka, na huku, sifichi, natamani kilemba. Mlangoni nikamshika bibi harusi mkono. Tukatoka, vigelegele vikapigwa, na sikuona aliyelia isipokuwa kaka yangu, ambaye alikuwa na haki yake.

Pembeni zimeanza kuota. Utosini bado, na siwezi kuandika kwamba nimezoea. Ila wiki ile ya sherehe nilikwenda kwa msusi kumwomba radhi. Alinikalisha kwenye kiti chake kama zamani, akakizunguka kichwa mara mbili.

“Sasa mama,” akasema, “leo nilegeze au nikaze?”