Usukani Unaocheza

Fundi wetu wa ndege ana mikono laini mno kwa mtu wa spana, na hilo peke yake lilitosha kunitia wasiwasi. Kila asubuhi huanzia kwenye mashine ya mazoezi, ile ambayo wanafunzi wa urubani huirusha bila kutoka sakafuni. Huupeleka usukani kushoto na kulia kwa vidole viwili, sikio kaliinamisha, kisha hukaza, hupaka grisi, hukaza tena. Ndiyo mashine wanayooneshwa wazazi wakija kuandikisha watoto. Ndege yenyewe, ile ya bluu, huipitia akipiga mluzi. Mimi mwalimu nikimwambia usukani wake unacheza, kwamba nauzungusha weee kabla bawa halijaitika, hanitazami usoni. Hufuta mikono kwa kitambaa kisicho na doa na kusema, "Uzee tu huo, mwalimu. Hauui mtu."

Jana ilikuwa zamu ya binti yake kuruka nami kwa mara ya kwanza. Tulipoifikia ile ya bluu, fundi alikuwa ameshatutangulia. Aliingiza mkono dirishani akautikisa usukani kwa vidole vile vile viwili. Ukagonga, ko, ko. Mluzi hakupiga. "Mwanangu, wewe subiri ile ndege nyeupe irudi," alisema, akimvuta binti yake kando. Nikageuka niwafuate.

"Aa, mwalimu," akaniambia, akinikabidhi ufunguo wa ile ya bluu. "Wewe chukua mwanafunzi mwingine mwende tu. Si umeshaizoea?"