Sabuni za Mzee Pantaleo

Sabuni ya kwanza niliinunua mimi. Nalisema mapema, asije mtu akadhani nasimulia ubaya wa wenzangu huku nimejificha nyuma yao. Niliinunua sokoni hapa Ushirombo, ya harufu ya limau, nikaifunga kwa karatasi ya zawadi na kumpa dereva wetu, Mzee Pantaleo, siku mbili kabla ya Krismasi. Aliipokea kwa mikono miwili. "Wabeja, Mama Wema," akanishukuru. Nikarudi mezani kwangu nimeridhika, najiona mtu wa huruma sana.

Ofisi yetu ina watu sita. Kazi yetu ni kupima maji: visima vya vijiji, matangi ya shule, na kila wiki maji ya mgodi mmoja mkubwa upande wa Geita. Mimi ni katibu, maana yake napokea wageni, napika chai na naandika barua ambazo wengine wanaona haya kuziandika. Gari ni moja, Prado nyeupe, na dereva alikuwa mmoja.

Pantaleo ni Msumbwa wa hapa hapa. Alianza kama utingo wa lori la misheni, akafundishwa usukani na padri mmoja mkali aliyekuwa akimpiga rula ya vidole kila alipokosea gia. Baadaye alibeba pamba kwa miaka mingi kutoka Tinde, na alipokuja kwetu mvi zilikuwa zimeshaingia. Hajawahi kugonga hata kuku, na kwa barabara zetu kuku wanajitakia wenyewe. Shati lake jeupe lilipigwa pasi ya mkaa mpaka mikunjo ya mikono ingeweza kukata nyanya. Kila asubuhi, kabla hatujafika, alivua viatu, akavaa ndala zake za bluu na kuliosha gari tairi moja baada ya jingine. Mtu wa namna hiyo ndiye sisi tuliyempelekea sabuni.

Alikuwa na mambo mawili ya kwake. Kwanza, AC aliiona kuwa ni mali ya abiria. Akiwa peke yake aliizima, akateremsha vioo vyote na kula upepo wa bure. Pili, ukimpa agizo, alilitimiza kama lilivyotamkwa, bila kupunguza wala kuongeza.

Mwezi wa kumi na moja, mvua zikiwa zimeanza, tulikwenda mgodini kama kawaida. Nilikuwamo, nimebeba karatasi za kusaini. Getini mlinzi akapitisha kile kioo chao chenye mpini mrefu chini ya gari, akasimama.

"Linavuja," akasema.

"Ni maji tu ya AC, baba," Pantaleo akamjibu.

"Mimi naona tone. Gari linalodondosha haliingii humu. Rudini mkatengeneze."

Tukarudi na chupa zetu tupu, safari nzima imekwenda na maji. Meneja wetu, Edson, kijana wa suruali za kubana na hasira za karibu, alimsubiri Pantaleo uani akamfokea mbele yetu sote. "Sitaki kuona tone hata moja chini ya gari hili! Umesikia, Mzee?"

"Nimesikia, Meneja."

Wiki iliyofuata tulipita getini bila neno. Hakuna aliyeuliza gari limetengenezwaje. Mimi niligundua kitu kimoja tu, kwamba ndala ya kushoto ya Pantaleo imekatwa kipande kisiginoni, kama imeng'atwa na panya. Nilicheka, nikasahau.

Baada ya wiki tatu hivi harufu ikaanza. Ilikuwa harufu ya dekio lililosahauliwa kwenye ndoo tangu juzi. Ilikuja tukiwa ndani, vioo vimefungwa, na ilizidi kadiri safari ilivyoendelea. Ignas wa maabara ndiye aliyetamka kwanza, tukiwa tunakunywa chai. "Mzee amechoka. Siku hizi haogi vizuri." Sote tukatikisa vichwa kwa masikitiko. Hata mmoja wetu hakusema, hebu tulikague gari.

Sasa nani amwambie mzee wa umri ule kwamba ananuka? Kwetu hilo halisemwi. Mtu unayemwamkia shikamoo huwezi ukamgeuzia mdomo uleule ukamwambia habari ya kikwapa. Kwa hiyo tukatumia sabuni. Baada ya yangu akaja Ignas na mche mzima. Mwaka mpya Edson akampa marashi ya kupulizia. Mimi nikaongeza nyingine, ya dawa safari hii. Kwenye kioo cha mbele tukaning'iniza vikaratasi vya manukato, kimoja, viwili, mwisho vinne, gari likanuka dekio lililomwagiwa waridi.

Pantaleo naye akabadilika, na sisi tukaona bila kuona. Alianza kuja na shati la pili kwenye mfuko, akibadilisha saa sita mchana. Chai hakunywa tena nasi mezani. Alichukua kikombe chake akaenda kukaa ngazini. Kanisani, ambako kwa miaka yote aliimba besi mstari wa pili, nilimkuta benchi la mwisho karibu na mlango. Nikajisemea kwamba mzee amekuwa mnyenyekevu. Mungu anisamehe, hilo ndilo nililoliwaza.

Mwezi wa pili akaja mgeni kutoka makao makuu, akasafiri na Pantaleo mpaka Geita na kurudi, leso puani. Kesho yake Edson akaniita. "Andika barua ya Mzee. Mkataba ukiisha mwezi wa tatu hatuongezi. Sababu, umri. Siku zilizobaki amalizie likizo yake." Nikaiandika. Pantaleo aliisoma wima, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati.

"Asante, Mama Wema," akasema. "Kesho gari ataosha nani?"

Akatundika funguo kwenye msumari wake na kuondoka kwa miguu.

Dereva mpya, Donatus, aliletwa wiki iliyofuata. Kijana nadhifu, amejipulizia marashi mpaka nzi wanamkwepa. Jumanne tukaondoka wawili kwenda Kahama kuchukua vifaa vya maabara. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, jua limewaka juu yake, tukafunga vioo na kufungulia AC. Hatujafika mbali, dekio hilo hapo.

Niligeuka kumtazama Donatus. Nikaunusa mkono wangu. Nikanusa mkanda wa kiti.

"Donatus," nikasema, "unaisikia harufu?"

Akakaza macho barabarani. "Samahani, dada. Nilidhani ni wewe."

Huko ndiko kuipata dozi yako. Damu ilinipanda usoni, na kabla haijashuka nikaona aibu nyingine kubwa zaidi inakuja nyuma yake. Niliziona sabuni zote. Nikaliona benchi la mwisho. Nikamwambia Donatus kwamba tukifika Kahama vifaa vitasubiri, kwanza tutafute fundi wa AC.

Fundi tuliyeelekezwa alikuwa mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, jina lake Bernadina, gereji yake chini ya mabati matupu. Alifungua mlango wa abiria, akaingiza kichwa, akakitoa haraka.

"Nani amewaambia mtundike hivi?" Akavinyofoa vile vikaratasi vinne na kuvitupa kwenye pipa. "Mnampaka mgonjwa poda."

Akavuta zulia la mpira chini ya miguu ya abiria, lile nene la kuzuia matope. Juu kulikuwa kukavu kabisa. Chini yake akabonyeza kapeti kwa kidole gumba, na maji yakatoka pembeni kama kwenye sifongo. Kapeti ilikuwa imeota ukungu wa kijani mpaka chini ya kiti.

"Hili gari linadondosha maji chini mkiwasha AC?"

"Halidondoshi," nikajibu, karibu kwa majivuno. "Hata tone."

Akanitazama kama mtu anayeuliza nimesoma wapi. "Mama, AC ikipoza hewa lazima itoe maji, kama jasho la chupa ya soda. Lisipomwaga nje, linamwaga humu humu." Akalala chali kwenye boksi, akajisukuma chini ya gari. Nikasikia anacheka. Kisha maji yakabubujika, meusi, yanatoa uvundo, yakatambaa uani mpaka Donatus akaruka. Bernadina akatoka na kitu kidogo kati ya vidole. "Mpira wa kukimbizia maji ulikuwa na kizibo. Kimechongwa vizuri, mtu alitulia."

Kilikuwa kipande cha ndala ya bluu.

Nilikaa kwenye tairi bovu. Kila kitu kilijipanga kwa zamu yake: kioo cha mlinzi, Edson uani, sitaki kuona tone hata moja. Pantaleo alikuwa ametii. Alikata ndala yake mwenyewe ili gari la ofisi lipite getini, na gari lilipoanza kunuka, sisi tukasema ni yeye.

Kazi ilichukua siku mbili, nikalala kwa dada yangu Kahama. Bernadina alitoa viti, akang'oa kapeti na kuitandaza juani. Nyuma ya kabati la dashibodi alichomoa chujio la hewa, limejaa vumbi jekundu, majani na manyoya ya ndege. Akapulizia povu la dawa kwenye koili ya ubaridi, akasubiri, akasuuza, na maji yakatoka kupitia ule mpira, kwanza meusi, halafu ya rangi ya chai, mwisho meupe. Akaweka chujio jipya. Kisha akatupa masharti, mimi na Donatus tumesimama kama watoto wa shule. Mkikaribia mnakokwenda zimeni ubaridi, acheni feni ipige dakika tano ikaushe ndani. Msifunge hewa ya nje siku nzima kwa kuogopa vumbi, fungeni penye vumbi tu. Na huo mpira asiuguse mtu. "Mkienda kwenye mageti yenu, zimeni ubaridi mapema limalize kudondosha kabla ya kufika. Kwani ni sayansi hiyo?"

Nilimpigia Edson simu nikamweleza lote, pamoja na sehemu yake. Nikasikia anafungua na kufunga droo.

"Barua hiyo nimeifuta," akasema. "Mwambie Jumatatu aje kazini. Donatus atakaa na gari la pili tuliloahidiwa likifika."

"Na samahani?"

"Utamwambia wewe."

Bosi ni bosi. Siku iliyofuata tuliporudi, nilimwomba Donatus aniteremshe njiani, nikaenda kwa Pantaleo kwa miguu.

Nilimkuta mkewe, Mama Luka, jina lake Zipora, anaanika mihogo. Nikamwamkia. Aliitikia marahaba kwa sauti ya kunisukuma nje ya boma. Pantaleo alikuwa kivulini kwenye kiti cha kamba, peke yake. Mjukuu wao Mariana, wa miaka mitatu hivi, alicheza hatua kumi kutoka kwake, naye alimtazama tu.

Nilisema kila kitu nimesimama. Nikamwonyesha kile kipande cha ndala. Alikichukua, akakigeuza, akatabasamu kidogo.

"Nilikikata sawasawa," akasema. "Nikajua nitakitoa. Halafu kila wiki ni geti, kila wiki ni geti."

"Baba Luka, zile sabuni…"

"Ya kwanza nilidhani zawadi. Ya pili nikaelewa."

Zipora akatupa muhogo kwenye mkeka. "Nimemwambia kila siku hanuki! Kila siku! Ananiambia mke hawezi kusema kweli. Amehamisha godoro lake sebuleni. Mtoto huyu hajapakatwa na babu yake tangu Januari."

"Nikiwa peke yangu garini sikuisikia," Pantaleo akasema, akimweleza zaidi mkewe kuliko mimi. "Nyumbani siisikii. Wakiingia watu, hiyo hapo. Nikajua ni mimi, ninanuka nikiwa na watu." Nikakumbuka AC yake ya abiria, na vioo alivyoteremsha akiwa peke yake.

Nililia. Sikulia kwa heshima, nililia kwa makamasi, nikasema nisamehe, sote tusamehe, Jumatatu urudi kazini, barua imefutwa. Alinisubiri nimalize. Kisha akaingia ndani na kurudi na boksi la viatu. Sabuni zilikuwamo zote, na marashi, karatasi za zawadi zimekunjwa vizuri pembeni. Hakuwa ametumia hata moja.

"Nilioga kwa sabuni yangu," akasema. "Hizi ziligoma mkononi. Uliniletea bila maneno, Mama Wema. Sasa njoo hapa uninuse, halafu useme kwa mdomo wako, mke wangu asikie."

Nilitazama chini. Mzee wa rika la baba yangu hanuswi. Lakini alikuwa amesimama wima, boksi mkononi, kama siku ile aliposoma barua, nikajua nisipofanya hivyo hatarudi mstari wa pili kanisani wala chumbani kwake. Nikamsogelea, nikaegemeza uso wangu begani mwake na kuvuta pumzi. Ilikuwa pasi ya mkaa, moshi wa kuni na sabuni ya kufulia.

"Hunuki, Baba Luka," nikasema. "Hujawahi kunuka."

"Sema tena."

"Hunuki."

Akaniachia boksi mikononi. Akageuka, akachuchumaa, akamwita Mariana, na mtoto akaja mbio.