Breki za Harusi ya Usangi

Kwa miaka kumi na minne Elinaza alikuwa akitengeneza pikipiki za watu pale Tabata, na waliosema mwanamke hajui breki ndio sasa waliomsubiri asubuhi kabla hajafungua kibanda. Lakini kulikuwa na pikipiki moja ambayo hakuwahi kuigusa hata kwa kuifuta vumbi, nayo ni ya baba yake mzazi.

Ilikaa Madale, barazani kwa wazazi wake, imefunikwa blanketi. Ilikuwa pikipiki kubwa ya Kijapani ya mwaka sabini na nane, tangi lake jekundu. Mzee Stanley, karani mstaafu wa bohari, aliipenda kupita kiasi. Asiowapenda ni mafundi. Kwake fundi ni mwongo mpaka athibitishe vinginevyo, na hakuna aliyewahi kupewa nafasi ya kuthibitisha. Binti yake alipochagua kushika spana, mzee alinuna mwaka mzima.

Yote hayo yalianzia kwenye harusi ya mzee mwenyewe. Mwaka themanini na nne, huko Usangi kwenye milima ya Upare, fundi mmoja aitwaye Mashaka alizifungua breki za mbele za pikipiki hiyo, akazifunga upya siku mbili kabla ya harusi. Siku yenyewe Stanley akampakia bibi harusi wake, Herieth, kutoka kanisani kwenda kwenye sherehe. Mteremko wa kwanza akabana breki, haikushika hata kidogo. Wakatua kwenye migomba. Hawakuumia, ila bibi harusi aliingia kwenye sherehe yake na shela lililojaa matope, na Stanley akamtangaza Mashaka milima yote kuwa ni muuaji. Hakumpa mkono tena. Kila Krismasi Mashaka humtumia salamu kwa simu, na kila Krismasi salamu hazijibiwi.

Sasa zilikuwa zimebaki wiki mbili wafanye jubilei ya miaka arobaini ya ndoa. Mzee alitaka jambo moja tu, ampeleke mkewe kanisani kwa pikipiki ileile. Kanisa liko chini kabisa ya kilima, na vilima vya Madale havina utani. Mkewe, ambaye nyumbani aliitwa Mama Herieth, alitoa sharti lake akichambua mchicha, bila kuinua macho: atapanda, ila breki atengeneze Elinaza. Akitengeneza mwingine, yeye ataenda na Bajaji, wakutane madhabahuni.

Siku mbili mzee alishinda barazani akiifunua pikipiki blanketi na kuifunika tena. Siku ya tatu akampigia simu binti yake, akamwambia aje na spana zake.

Elinaza alicheka peke yake barabarani mpaka wapita njia wakamgeukia. Alijua vizuri lililokuwa mbele yake. Breki hizi zikishika, baba atalazimika kumwita fundi kwa mdomo wake mwenyewe. Zisiposhika, atakuwa Mashaka wa pili, tena wa damu yake.

Alipofika Madale akaifungua kalipa, kile chuma kinachobeba pedi na kuibana diski ya gurudumu, akaenda nayo Tabata. Ndani yake pistoni inayosukuma pedi ilikuwa imeganda kama iliyochomelewa. Akaipeleka kwa jirani yake wa pancha mwenye kompresa, akaweka ubao mbele ya pistoni, akaifunga matambara, akawaambia watu wasogee. Upepo wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Wa tatu ukapiga mlio, pistoni ikaruka ikagonga ubao, kijiwe kizima kikashangilia kama vile mtu kafunga goli. Elinaza naye alikuwa akirukaruka. Kisha akaishika juani akaona kutu imeitoboa vishimo pande zote.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Temeke yupo Mzee Albano, mtoto wa mchonga mpingo kutoka kusini, ambaye yeye alihamia kwenye chuma. Alipima ile pistoni mara tatu, akalalamika mara nne, halafu akamchongea nyingine ya chuma kisichoshika kutu. Ilipotoka kwenye mashine ilikuwa inang'aa hata Elinaza akaona haya kuishika kwa mikono yenye oili. Aliifunga kwenye leso, akaitia mkobani pamoja na kalipa, akaenda Gerezani, mtaa wa maduka ya vipuri, kutafuta sili, yaani mpira unaozuia mafuta ya breki yasivuje. Pikipiki hiyo haina vipuri tena nchini. Basi akapita duka kwa duka, akijaribu mpira mmoja baada ya mwingine, wauzaji wakimcheka. Duka la saba, sili ya gari dogo ikaingia kwenye kifereji chake na kukaa sawasawa. Furaha ilimzidi. Akamwomba muuzaji amruhusu aketi kidogo.

Ijumaa aliifunga kalipa kwa mikono iliyooshwa kwa sabuni, bila hata tone la grisi, maana grisi huvimbisha mpira wa breki. Ikabaki kazi ya kutoa upepo kwenye bomba linalopitisha mafuta ya breki, na kazi hiyo inataka watu wawili. Akamwita baba yake.

"Bana, Baba. Shikilia hapo hapo. Haya, achia."

Mzee alibana, akashikilia, akaachia, kwa utiifu ambao mkewe hakuwahi kuuona. Mapovu yakatoka, yakapungua, yakaisha. Mkono wa breki ukawa mgumu. Mzee akaubana tena, na tena, akaguna. Kwa mzee yule, mguno huo ulikuwa hotuba.

Jumamosi Elinaza alifunga gunia la mchele la kilo sabini kwenye kiti cha nyuma, akateremka nalo kilima chote. Mama Herieth alisimama getini akilalamika kwamba yeye hajafika kilo sabini. Mara tatu Elinaza alibana breki katikati ya mteremko, na mara tatu pikipiki ilisimama palepale. Aliporudi juu alikuwa akipiga kelele za furaha ndani ya helmeti.

Jumapili asubuhi alifika amevaa gauni lake la sherehe, akamkuta baba yake na suti amechuchumaa kwenye gurudumu la mbele. Mkono mmoja una kitambaa, mwingine una kichupa cha mafuta ya nazi. Alikuwa akiisugua diski taratibu, kwa mapenzi yote.

"Shikamoo, Baba. Unafanya nini hapo?"

"Marahaba. Pikipiki ya harusi lazima ing'ae. Hata Usangi asubuhi ile niliipaka hivi hivi."

Kitambaa kikabaki hewani. Wote wawili walikuwa wamelitambua jambo lilelile kwa wakati mmoja. Diski ikipakwa mafuta, breki hata ingefungwa na malaika haishiki.

Hasira zilimpanda Elinaza, kwa niaba ya Mashaka na kwa ule mwaka wa kununiwa. Nyani haoni kundule, naam, lakini miaka arobaini? Akachukua spiriti na msasa, akaisafisha diski mpaka kitambaa kikatoka kikavu. Bahati gurudumu lilikuwa halijazunguka, pedi zilikuwa salama. Baba yake alikuwa ameketi kwenye ngazi. Mlangoni alisimama Mama Herieth na gauni lake jeupe. Alikuwa amesikia yote.

"Mpigie simu, Stanley," akasema. "Mie sipandi kabla hujampigia."

Namba alikuwa nayo. Simu ikaita mara mbili, sauti ya mzee ikapokea kwa hofu.

"Stanley? Nani kafariki?"

"Hajafariki mtu. Mashaka, breki zako zilikuwa nzima. Mie ndiye niliyepaka diski mafuta ya nazi."

"Nilijua," Mashaka akasema. "Niliikagua palepale kwenye migomba. Ilikuwa inanukia nazi. Nikasema siku ya harusi yako sikuaibishi mbele ya wakwe, nitakwambia kesho yake. Kesho yake hukunisalimia."

Mzee Stanley alijifuta uso kwa kitambaa kilekile cha mafuta. Alimwomba radhi kwa sauti ya chini, mara mbili, na Mashaka akampokea kama vile walikuwa wameagana jana. Kisha fundi akauliza swali la kifundi: sasa hivi breki hizo kafunga nani?

Mzee akainua macho. Elinaza alikuwa bado amepiga magoti kwenye gurudumu, gauni limeingia vumbi, msasa mkononi.

"Fundi wangu," akasema. "Ni binti yangu, Elinaza. Ngoja nikupe uongee naye, nyie mafundi mtaelewana."